Kuruka na mwavuli kutoka kwenye ndege: kipimo cha Diani kinavyoweza kumuua mtu Nkome

Video za watu wanaojirusha kutoka kwenye ndege zinazunguka kwenye simu kila siku, na ubishi wake ni ule ule, uwe mwaloni Nkome au mjini Geita: sasa mwavuli ukigoma kufunguka, inakuwaje?

Swali lina maana, ila siku hizi si hilo linaloua wengi. Chama cha warukaji wa Marekani, USPA, kilihesabu vifo 10 mwaka 2023 katika miruko ipatayo milioni 3.65. Miaka ya 1970 nchi hiyo hiyo ilikuwa ikizika zaidi ya watu 40 kwa mwaka kwa mchezo huu. Vifaa vimekuwa bora mno. Waliobaki kwenye orodha ya vifo, wengi walikuwa na mwavuli mzima kichwani: mmoja alikata kona kali akiwa karibu na ardhi, mwingine aliona tatizo juu kabisa akachelewa kuamua hadi anga ikamwishia.

Ndiyo maana warukaji hawazungumzii sana ujasiri. Wanazungumzia urefu, kwa sababu kwao urefu ni muda.

Nkome yenyewe haina uwanja wa kurukia. Kwa Afrika Mashariki, jina linalotajwa sana ni Diani, kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya. Ndege hupaa kutoka kiwanja kidogo cha Ukunda na mtu hutua kwenye mchanga mweupe kando ya bahari. Kwa Tanzania, wengi wanachokijua ni askari wa miavuli wa JWTZ wanaoonekana kwenye sherehe za kitaifa. Wanajeshi wakishushwa kwa wingi, kwa kawaida mkanda wa kila mmoja hufungwa ndani ya ndege, na akitoka tu mkanda unauvuta mwavuli wenyewe, chini chini hivyo. Kwenye mchezo, mtu huanguka kwanza kwa muda mrefu, halafu anafungua kwa mkono wake. Hapo ndipo utamu ulipo, na hatari pia.

Dakika moja inavyokwisha

Ndege humtoa mrukaji kwenye futi 10,000 hadi 13,000 juu ya ardhi, yaani kilomita 3 hadi 4. Sekunde 10 za mwanzo anatumia kama futi 1,000. Baada ya hapo mwili umeshafikia kasi ya karibu kilomita 190 kwa saa akilala kifudifudi, na kila futi 1,000 zinaliwa kwa sekunde 5 na nusu. Tumbo halipandi kooni kama watu wanavyodhani, kwa sababu ndege nayo ilikuwa na kasi. Kinachosikika ni upepo, kama kutoa kichwa dirishani kwenye basi lililopagawa.

Mwanafunzi anayeruka na walimu wake hufungua mwavuli kwenye futi 5,500. Mwenye leseni ya kwanza anaruhusiwa kushuka hadi futi 3,000. Halafu kuna mstari mmoja usio na mjadala: mwanafunzi na mwenye leseni ya kwanza, wakifika futi 2,500 na mwavuli hauko sawa, wanaukata na kufungua wa akiba. Hakuna kujaribu mara nyingine, hakuna kuutingisha tingisha. Wengi waliokufa na mwavuli wa akiba ukiwa bado umekunjwa mgongoni walikuwa wanahangaika kurekebisha ule mkuu.

Kinachofundishwa darasani, basi, ni mazoea zaidi kuliko nguvu. Mwanafunzi ananing'inizwa kwenye mikanda chini ya paa, anapigiwa kelele "umejisokota!", naye lazima aangalie, ashike, avute, mara kumi, mara ishirini, mpaka mikono ifanye yenyewe.

Begi moja, miavuli miwili

Begi la mgongoni lina mwavuli mkuu na wa akiba. Mkuu, mrukaji anaweza kuukunja mwenyewe sakafuni, na wenye uzoefu humaliza kwa dakika 10 hivi huku wakipiga stori. Wa akiba haufai kuguswa ovyo. Unakunjwa na fundi mwenye cheti, anaufunga kwa lakiri na kuandika tarehe kwenye kadi. Kwa kanuni za Marekani, kila siku 180 lazima ufunguliwe, ukaguliwe na kukunjwa upya hata kama haujatumika.

Mwavuli wa kisasa si ule wa duara wa kwenye sinema za vita. Ni wa mstatili, una vyumba vinavyojaa upepo na kuwa kama bawa la ndege. Umbo hilo lilibuniwa na Domina Jalbert wa Marekani miaka ya 1960, na ndilo linalomwezesha mtu kwenda mbele, kukata kona na kutua taratibu kwa miguu.

Begani kuna pete tatu za chuma zilizopandana, kubwa, ya kati na ndogo. Huo ni ubunifu wa Bill Booth wa miaka ya 1970. Uzito wote wa mtu unashikiliwa na pete hizo, lakini kila pete inaugawanya mzigo, hivyo mwisho wa mnyororo mvuto mdogo wa mkono unatosha kuuachia mwavuli mbovu. Kabla ya hapo kuukata mwavuli ilikuwa kazi ya vidole vingi na bahati.

Halafu kuna kisanduku kidogo ndani ya begi, kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe. Kinachojulikana zaidi ni Cypres, kilichotolewa na kampuni ya Airtec ya Ujerumani mwaka 1991. Kinapima mgandamizo wa hewa. Toleo la wazoefu likiona mtu amefika kama mita 225 juu ya ardhi na bado anaanguka kwa kasi ya mita 35 kwa sekunde, linakata uzi na mwavuli wa akiba unatoka. Kimeokoa waliozimia na waliosahau kabisa, maana wapo wanaosahau.

Lakini kisanduku hicho kinajuaje ardhi iko wapi? Kinajua pale kilipowashwa tu.

Nkome si usawa wa bahari

Mrukaji huvaa mkononi altimeta, kipimo cha urefu kinachofanana na saa kubwa. Nacho husoma mgandamizo wa hewa, na kabla ya kupanda ndege huwekwa kwenye sifuri. Diani, sifuri ni ufukweni, karibu sawa kabisa na usawa wa bahari.

Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, sawa na futi 3,700 na ushee. Kwa hiyo mtu aliyesimama mwaloni Nkome, miguu kwenye mchanga wenye magamba ya dagaa, akiwa na altimeta iliyowekwa sifuri Diani, kipimo kitamwambia yuko futi 3,700 hewani.

Sasa apande ndege na kipimo hicho hicho. Akisubiri kisome futi 5,500 ndipo afungue, chini yake zimebaki mita 540 hivi, si mita 1,680 alizofundishwa. Kwa kasi ile hizo ni sekunde 10. Mwavuli wenyewe unaweza kula mita 200 hadi 300 ukifunguka. Akibahatika utajaa, lakini ukijisokota hana pa kuamulia. Na aliyezoea kufungua kwenye futi 3,000 ndiyo kabisa: atafika chini kabla mshale haujafika kwenye namba yake.

Kisanduku cha kujifungua nacho kikiwa bado na kumbukumbu ya Diani hakitamsaidia. Kitakuwa kinasubiri mita 225 juu ya usawa wa bahari, na hapo Nkome ni mita 900 chini ya ardhi. Hata mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Geita hayafiki huko.

Dawa yake haina gharama: kisanduku kinazimwa na kuwashwa upya kwenye uwanja wa kurukia, altimeta inarudishwa sifuri hapo hapo, na mwenzako anakiangalia kipimo chako nawe unakiangalia chake kabla ya kupanda ndege. Ikiwa ndege inapaa mahali pamoja na watu wanatua pengine penye kimo tofauti, tofauti hiyo inahesabiwa kwa sauti, mbele ya wote.

Mwinuko wa kanda ya ziwa una mengine. Kuruka kutoka futi 12,000 juu ya Nkome ni kuwa futi 15,700 juu ya bahari, juu kidogo ya kambi ya Barafu kule Kilimanjaro. Kanuni za Marekani zinataka kila aliye ndani ya ndege apewe oksijeni ya ziada ikizidi futi 15,000. Hewa ya Nkome pia ni nyepesi kuliko ya Diani, hivyo mwavuli ule ule, mtu yule yule, atatua kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 5 na kitu. Ni kidogo kwenye karatasi. Kifundo cha mguu kitatoa hesabu nyingine.

Maji na upepo: somo ambalo mvuvi analo tayari

Kuna sehemu moja ambayo mtu wa Nkome angemshinda mwanafunzi wa Ulaya, nayo ni kuusoma upepo. Mwavuli una mwendo wake wa kwenda mbele, kilomita 30 au zaidi kwa saa, kwa hiyo mtu hutua akiuelekea upepo ili mwendo upungue. Upepo wa mchana hutoka ziwani kwenda nchi kavu, wa usiku hugeuka, na anayeendesha mtumbwi hahitaji kufundishwa hilo. Chama cha USPA kinamzuia mwanafunzi anayeruka peke yake upepo wa ardhini ukizidi kilomita 22 kwa saa. Wenye papara husubiri. Wasiosubiri hubebwa na upepo hadi wasikotaka.

Jirani na maji, ndani ya kilomita 1.6 hivi, kanuni hizo hizo zinamtaka mrukaji avae boya. Sababu yake mvuvi ataielewa upesi: kitambaa kikilala juu ya maji, nyuzi zake hugeuka nyavu. Anayeona ataangukia majini anafungua mkanda wa kifuani mapema, anauelekea upepo, anavuta breki zote mbili kana kwamba anatua nchi kavu, anavuta pumzi. Mikanda ya miguu anaifungua miguu ikishalowa, si kabla. Ziwa lililotulia linadanganya macho, mtu anadhani yuko mita 2 kumbe yuko 20, na wapo waliojiachia kutoka juu kwa kosa hilo. Akishaingia majini anaogelea kutoka kwenye mikanda na kuukimbia mwavuli upande ambao haukuangukia. Kuukusanya kwanza ili usipotee ni tamaa inayozamisha.

Utani wao

Warukaji ni watu wa masihara. Wasioruka wana jina lao, "wafo", kutokana na swali wanalouliza kila siku: mnaruka kwa ajili ya nini? Ukiwauliza kwa nini wanatoka kwenye ndege nzima isiyo na hitilafu, watakujibu kwamba hujaiona ndege yenyewe.

Kila kitu cha mara ya kwanza kina faini ya bia: mruko wa kwanza peke yako, leseni ya kwanza, mara ya kwanza kukata mwavuli. Kosa kubwa ni kusema "hii ndiyo mara yangu ya kwanza..." kwa sauti. Hujamaliza sentensi, kreti inadaiwa. Mwavuli wa akiba ukikuokoa, fundi aliyeukunja anapelekewa chupa, na hiyo haina utani kabisa. Akifikisha miruko 100 mtu anaweza kupakwa keki usoni na wenzake. Wanaagana kwa kutakiana anga ya buluu, na maneno hayo hayo husemwa mwenzao akifariki.

Masihara yanaishia mlangoni mwa ndege. Mwenye miruko 3,000 hukaguliwa mikanda na mwenye miruko 30, na akikataa haonekani mjanja.

Anayetaka kujaribu

Njia ya kuanzia ni kuruka wawili, ukiwa umefungwa kifuani kwa mwalimu mwenye miavuli mikubwa ya kubeba watu wawili. Umri unaotakiwa mara nyingi ni miaka 18, na vituo vingi vina kikomo cha uzito, karibu na kilo 100. Anayetaka kuendelea huingia darasani, anaruka huku walimu wameshika mikanda yake, kisha peke yake, na kwa mfumo wa USPA leseni ya kwanza inaanzia miruko 25. Kamera ya helmeti? Inashauriwa isubiri hadi miruko 200, maana inamnyang'anya mtu akili yake pale anapoihitaji zaidi, na nyuzi zinaweza kuinasa.

Kituoni usione haya kuuliza: mwavuli wa akiba ulikunjwa lini, kisanduku kimewashwa hapa au kwingine, upepo wa leo ni kiasi gani. Mwalimu mzuri hujibu huku akikuonyesha kadi. Anayenuna, mwachie ndege yake.

Viatu viwe vya kamba na visivyo na ndoano, vitu vya mfukoni vibaki chini. Na kwa atakayefika Diani akataka pia kuzamia baharini na mtungi wa hewa, aruke kwanza, azamie baadaye. Akianza na kuzamia, asubiri saa 24 kabla ya kupanda ndege, la sivyo gesi iliyobaki mwilini hutengeneza mapovu kwenye damu kadiri ndege inavyopanda.