Dar es Salaam hadi Guangzhou: Umbali wa Anga na Saa za Safari

Umbali wa anga kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, na ule wa Baiyun mjini Guangzhou, kusini mwa China, ni takriban kilomita 8,700, sawa na maili 5,400. Kutoka Nairobi umbali ni karibu uleule.

Ndege kubwa za abiria huruka kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa. Ukijumlisha muda wa kupaa na kutua, safari ya moja kwa moja huchukua kati ya saa 10 na 11. Kurudi huchukua muda zaidi kidogo, hasa miezi ya Desemba hadi Machi, kwa kuwa upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi.

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, na wenzao wa Kampala, Bujumbura na Lubumbashi, huunganisha ndege njiani. Hapa wengi hukosea hesabu. Wapo wanaoamini kwamba kupitia Addis Ababa ni mkato na kupitia Dubai ni kuzunguka. Kwa anayetoka Dar es Salaam, njia zote mbili zina takriban kilomita 9,800, yaani ziada ya kilomita 1,100 tu, ambayo ni kama saa moja na robo angani. Kinachotofautisha safari ni saa za kusubiri uwanjani. Tiketi ya kusubiri saa 3 humfikisha abiria kwa saa 16 hivi. Ya kusubiri saa 14, ambayo mara nyingi ndiyo ya bei nafuu, humla zaidi ya siku nzima.

Siku hiyo ina bei yake. Maonyesho ya biashara ya Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili hadi Mei na Oktoba hadi Novemba, kwa awamu tatu za siku tano kila moja. Anayefuata mashine awamu ya kwanza akachelewa siku moja, amepoteza sehemu ya tano ya muda wake. Tuseme ameokoa dola 100 kwenye tiketi: chumba, chakula na mkalimani wa siku ya ziada vitazimaliza.

Ipo pia tofauti ya saa. Guangzhou iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5. Anayeondoka Dar es Salaam saa 4:00 usiku kwa ndege ya moja kwa moja hutua kesho yake saa 7:30 mchana wa huko. Akimaliza uhamiaji na foleni ya teksi, maduka ya jumla yanakaribia kufungwa. Miadi ya kiwandani iwekwe siku inayofuata. Kurudi kuna nafuu: anayeondoka Guangzhou saa 6:00 usiku hufika Dar es Salaam yapata saa 12:30 asubuhi, kabla Kariakoo haijafungua.