Ivanhoe na Wayahudi wa York

Mwishoni mwa mwaka 1819 Walter Scott, mtu wa Scotland, alitoa kitabu kiitwacho Ivanhoe, nacho kikapendwa mno, hata watu wengi wa Ulaya wakapata humo picha yao ya mashujaa wa kale: wapanda farasi wenye deraya za chuma, walioapa kuwa waaminifu kwa bwana wao na kuwatetea wanyonge. Hadithi yenyewe ni ya mwaka 1194, Mfalme Richard wa Uingereza alipotoka kifungoni. Kifungo kile ni cha kweli, na fidia iliyotakwa ilikuwa marki 150,000 za fedha. Lakini safari zake za siri mwituni ni za kubuniwa.

Walakini moyo wa kitabu si mfalme, wala Ivanhoe, ambaye kwa kurasa nyingi yu kitandani na jeraha lake. Ni Rebecca, binti Isaac wa York, Myahudi mkopeshaji fedha. Ndiye amwuguzaye Ivanhoe. Ndiye amwulizaye, vita vikivuma nje ya ngome, sifa za mashujaa zamfaa nini mtu akiisha kufa. Shujaa mmoja wa chama cha Hekalu amteka kwa tamaa yake, naye amkataa. Kisha wakuu wa chama wamshtaki binti uchawi, na kumhukumu achomwe moto asipopata mtu wa kumpigania. Ivanhoe aja, angali dhaifu, na Rebecca aokoka.

Sasa, msomaji, tazama miaka. Mwezi wa Machi 1190, miaka minne tu kabla ya hadithi hii, Wayahudi wa York hasa walikimbilia mnara wa ngome ya mfalme, umati ukawazunguka. Miongoni mwa viongozi wa umati walikuwamo mabwana wenye ardhi, kama Richard Malebisse, waliowiwa na Wayahudi fedha. Wengi mnarani walijiua kuliko kuangukia mikononi mwao. Waliobaki waliahidiwa uzima wakibatizwa, walipotoka, wakauawa. Wafu walikuwa kama 150. Ndipo wadeni wakaenda kanisa kuu, zilikowekwa hati za madeni, wakaziteketeza mle mle ndani. Hakutokea Ivanhoe.

Wasomaji wengi walimlaumu Scott kwa kutomwoza Ivanhoe Rebecca. Akajibu, katika chapa ya 1830, kwamba chuki za zama zile zisingaliiacha ndoa hiyo iwe. Mwisho wa kitabu binti na babaye wavuka bahari kwenda Granada, Hispania. Nionavyo mimi, walifanya vema: mwaka 1290 Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Wayahudi wote katika Uingereza, wasiruhusiwe tena mpaka siku za Cromwell, mwaka 1656.