Gari Linapogoma: Ufundi wa Kutafuta Hitilafu Migori na Homa Bay

Wengi wanaamini kwamba fundi wa kando ya barabara hubahatisha: anafungua hiki, anabadilisha kile, mpaka gari liwake kwa kudra. Imani hiyo inawaonea mafundi wa Migori na Homa Bay. Tangu maeneo haya yalipokuwa sehemu ya wilaya moja ya Nyanza Kusini, kazi ya kutafuta kwa nini gari kuukuu linakataa kuwaka au linazimika njiani ilijengeka hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na sababu. Vipuri vilikuwa adimu na mfuko wa mwenye gari ulikuwa mwembamba, kwa hiyo fundi hakuwa na uwezo wa kukisia. Anayekisia hununua spea tatu apate moja iliyohitajika. Asiye na hela ya spea hata moja hulazimika kufikiri kwanza.

Chimbuko la ufundi huu linajulikana. Mtafiti Kenneth King, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu mafundi Waafrika, alionyesha jinsi Wakenya walivyochota ujuzi katika karakana za Wahindi, kisha wakatoka na kuanzisha kazi zao chini ya jua. Hapakuwa na vitabu, mwanafunzi alijifunza kwa kumtazama fundi wake na kumshikia spana. Magari yaliyowafunza yalikuwa yenye kabureta na distributa, na katika usafiri wa abiria iliyotamba ni Peugeot. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Ile 504 ndefu yenye viti vya safu tatu ikawa teksi ya mji kwa mji. Kwa fundi, sifa yake kubwa haikuwa ushindi. Ukifungua boneti, kila kitu kilionekana, kilifikika kwa mkono, na kingeweza kupimwa bila kifaa chochote cha kununua.

Vipimo vyenyewe ndivyo ushahidi wangu mkubwa. Injini ya petroli inadai vitu vitatu: cheche kwa wakati wake, petroli iliyochanganyika na hewa kwa kadiri, na mgandamizo ndani ya silinda. Fundi mzoefu aliviuliza kimoja baada ya kingine, akianza na kisichogharimu kitu. Alichomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma huku mwenzake akizungusha stata: cheche ya buluu inayolia ni nzuri, nyekundu iliyofifia inamrudisha kwenye koili, kondensa au pointi. Cheche ikiwa nzuri, alimwaga petroli kidogo kwenye koo la kabureta. Injini ikishika kisha ikafa, shida ni petroli kutofika, na hapo alifuata njia yake kutoka kabureta kurudi nyuma hadi kwenye tangi. Isiposhika kabisa, alifungua plagi, akaziba tundu kwa kidole gumba na kusikia kama mgandamizo unamsukuma. Plagi nyeusi yenye masizi ilimwambia petroli ni nyingi mno, nyeupe ilimwambia ni haba.

Mtihani mgumu ulikuwa gari linalozimika likishapata joto, kisha likawaka tena baada ya kupumzika. Kutoka ufukwe wa Ziwa Victoria, ulio mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hadi Kisii ni kupanda zaidi ya mita 500, na 504 iliyojaa abiria ilipanda kwa gia ndogo, injini ikichemka. Petroli ndani ya pampu au bomba iliweza kugeuka mvuke, pampu ikabaki inasukuma hewa tupu. Lakini koili iliyochakaa nayo hufanya vivyo hivyo: ikipata joto inakata moto, ikipoa inarudi. Dalili ni ileile, maradhi ni mawili. Anayengoja gari lipoe ndipo achunguze hatayatofautisha kamwe. Kwa hiyo kanuni ikawa kupima cheche papo hapo gari linapozimika. Cheche ikiwapo, kitambaa kilicholoweshwa maji kilifungwa kwenye pampu. Gari likiwaka, chanzo kimejulikana. Dawa ilikuwa pia kipimo, na hapo ndipo ninapoona akili ya mafundi hawa kwa uwazi kuliko popote.

Petroli yenyewe iliwafunza kutoamini. Bomba la mafuta kutoka pwani lilifika Kisumu mwaka 1994 tu. Kabla ya hapo, petroli iliyotiwa kwenye mapipa na mitungi kabla ya kufika kwa mteja ilipata nafasi nyingi za kuingia maji na uchafu. Ubaya zaidi ulikuwa mafuta taa. Kwa kuwa yaliuzwa bei ya chini, wachuuzi waovu waliyachanganya na petroli na dizeli, mpaka Sheria ya Fedha ya 2018 ikatoza mafuta taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuzuia udanganyifu huo. Mafuta taa hayageuki mvuke upesi, kwa hiyo gari lenye petroli ya namna hiyo hugoma asubuhi, hutoa moshi na kugonga likipanda mlima. Fundi aliyenusa na kupaka tone kwenye kiganja, akatazama linavyochelewa kukauka, alikuwa akifanya uchunguzi wa haki kabisa.

Kuna pingamizi mbili za kweli. Ya kwanza: mafundi haohao wameharibu magari. Nakubali. Desturi ya kung'oa thamostati ili injini "isichemke" imeleta hasara kubwa, kwa maana injini haifikii joto lake, petroli inazidi, plagi zinajaa masizi na gari linakuwa gumu kuwasha. Kusugua pointi kwa msasa bila kurekebisha nafasi yake ni kosa jingine. Ila makosa haya hayatokani na mpangilio nilioueleza. Yanatokea pale fundi anapouruka, anapotibu joto kabla ya kuuliza limetoka wapi.

Ya pili inasema elimu hii imepitwa, kwani tangu soko lilipofunguliwa miaka ya 1990 magari kutoka Japani yamejaa, na leo Toyota Probox yenye kompyuta ndiyo inayobeba abiria. Hoja hii inasahau kwamba kompyuta husoma tu kile ambacho vihisi vinaiambia. Pampu ya ndani ya tangi iliyochoka kwa kuendeshwa daima na petroli kidogo huenda isitoe msimbo wowote wa hitilafu, au mashine ya kusoma misimbo hiyo ikalaumu kihisi kisicho na kosa. Anayenunua kihisi kipya kwa sababu mashine imekitaja, bila kupima msukumo wa petroli, ndiye anayebahatisha, hata kama ameshika kifaa cha kisasa mkononi.

Kwa vyuo vya ufundi vya Migori na Homa Bay, nina ombi moja: waiteni mafundi wazee wa kabureta mbele ya wanafunzi, mpange nao vipimo hivi kwa maandishi, na mvifundishe kabla ya kumkabidhi kijana mashine ya kusoma misimbo.