Bunduki, Kichaa na Mbwa wa Kijiji katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Mjadala kuhusu haki ya askari polisi kumpiga risasi mbwa wa mtu umefika mbali nchini Marekani, ambako mahakama moja ya rufaa ya shirikisho iliamua mwaka 1994 kwamba kumuua mbwa wa raia ni sawa na kutwaa mali yake, na ambako bunge la jimbo la Colorado lilipitisha mwaka 2013 sheria inayowataka askari wafundishwe namna ya kukabiliana na mbwa bila kukimbilia silaha. Katika Kyela, wilaya ya mpunga na kakao inayopakana na Malawi kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, suala hilo lina sura nyingine, kwa sababu bunduki huelekezwa kwa mbwa katika operesheni za kupambana na kichaa cha mbwa zaidi kuliko katika upekuzi wa nyumba, na aliyeishika anaweza kuwa polisi, askari wa wanyamapori, mgambo au mtu aliyeteuliwa na halmashauri. Hata hivyo kiini cha mgogoro ni kile kile, yaani ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kwamba mbwa fulani hana mwenyewe.

Ili kuelewa kwa nini swali hilo ni gumu katika mwambao huu, yafaa kuanza na makazi yenyewe. Bonde la Kyela hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Tanzania, na nyumba za Wanyakyusa zimekaa karibu karibu katikati ya migomba, bila ua wala ukuta wa kumzuia mnyama. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti huko katika miaka ya 1930, walieleza vijiji vilivyojengwa kwa misingi ya rika, yaani wavulana waliokaribiana umri walihama nyumba za wazazi wao wakaanzisha makazi yao, wakakua na kuzeeka pamoja humo, chini ya viongozi wa kijiji waitwao amafumu. Kitabu cha Monica Wilson kuhusu vijiji hivyo kilitoka mwaka 1951. Katika mpangilio wa namna hiyo mbwa hahitaji mnyororo ili ajulikane ni wa nani, kwa kuwa jirani anamfahamu kama anavyomfahamu ng'ombe wa jirani yake. Kazi yake ni kulinda nyumba usiku na kufukuza nguruwe pori na ngedere wanaoharibu mazao, na kazi hizo haziwezi kufanywa na mnyama aliyefungwa kwenye mti. Akiuma mtu au akiua kuku, shauri ni la majirani, nalo linaweza kumalizwa na wazee wa mahali hapo.

Utawala wa kikoloni ulikuja na fikra tofauti kabisa. Wajerumani walijenga kituo chao cha kwanza cha Langenburg kando ya ziwa katika miaka ya 1890, kisha wakahamishia boma Tukuyu, mahali palipoitwa Neu Langenburg, na Waingereza wakauteka mji huo mwaka 1916. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri za kuzuia magonjwa ya kuambukiza ya watu na ya wanyama, na kwa njia hiyo amri iliyotungwa bomani ilifika kijijini kwa kinywa cha kiongozi wa mahali, jambo ambalo bila shaka liliipunguzia serikali lawama.

Mfano ambao maofisa wa Kiingereza walikuwa nao kuhusu mbwa ulitoka kisiwani kwao. Uingereza ilikitokomeza kichaa cha mbwa mwaka 1902 kwa kuwalazimisha wenye mbwa kuwafunga midomo kwa vizuizi maalumu, kwa kuwakamata mbwa waliorandaranda na kwa karantini, yaani kumtenga kwa miezi kadhaa kila mbwa aliyetoka nje ya nchi. Ugonjwa uliporudi mwaka 1918 pamoja na wanajeshi waliotoka vitani, njia hizo hizo ziliumaliza tena mwaka 1922, mwaka ule ule Uingereza ilipothibitishiwa na Shirikisho la Mataifa udhamini wa Tanganyika. Mafanikio hayo yalitegemea bahari, polisi wengi na mbwa waliokuwa wakikaa ndani ya nyumba. Kyela haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu, ila ziwa, nalo halizuii chochote.

Eneo lililo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ni njia ya nchi kavu ambayo magonjwa ya wanyama yamepita kwa muda mrefu. Sotoka, ugonjwa wa virusi ulioangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, uliteremka kusini kupitia huko, na ulipotishia kuteremka tena mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali za kikoloni zililifanya eneo hilo kuwa ngome, zikichanja ng'ombe na kuwapiga risasi wanyamapori. Kichaa cha mbwa kilionekana katika Nyanda za Juu Kusini mapema, miongo kadhaa kabla ya kuripotiwa katika mkoa wa Mara katika miaka ya 1970. Tofauti ya matibabu inastahili kuangaliwa: ng'ombe, ambaye ni utajiri, mahari na kodi, alipata sindano, mbwa, ambaye hakuingizwa katika hesabu ya serikali, alipata risasi.

Hata hivyo si haki kudai kwamba waliotoa amri za kuwapiga mbwa risasi walikuwa wakatili tu. Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyosafiri kupitia mishipa ya fahamu kutoka kwenye jeraha hadi kwenye ubongo, na dalili zikishaanza mgonjwa hufa karibu mara zote. Chanjo ya binadamu iliyotumika katika makoloni kwa miongo mingi, iliyobuniwa na David Semple mwaka 1911, ilitengenezwa kwa ubongo wa wanyama, ikahitaji sindano nyingi tumboni na wakati mwingine ilileta madhara ya neva. Na chanjo ya mbwa iliyofaa kutumiwa kwa wingi, ile ya Flury, haikuanza kuenea hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Huko Rhodesia ya Kusini, ambako kichaa kilizuka mwaka 1902, mbwa kwa maelfu waliuawa na ugonjwa ukatoweka kwa muda, ingawa mwaka 1950 ulirejea. Kwa ofisa wa wilaya aliyekuwa na bunduki lakini hana jokofu, uamuzi haukuwa mgumu.

Kosa lilibaki pale bunduki ilipoendelea kuwa jibu la kwanza baada ya chanjo kupatikana. Utafiti uliofanywa Tanzania katika miongo ya karibuni umeonyesha kwamba mbwa mmoja mgonjwa kwa wastani huwaambukiza wenzake chini ya wawili, na kwamba kiwango hicho hakibadiliki sana penye mbwa wengi au wachache. Kwa hiyo kupunguza idadi hakuukati mnyororo wa maambukizi, ilhali kuchanja mbwa 70 katika kila 100 hutosha kuukata. Risasi haimtambui mbwa aliyechanjwa, na kila anayeuawa hufungua nafasi kwa mtoto wa mbwa asiye na kinga yoyote. Kisiwa cha Flores nchini Indonesia, kilichopata ugonjwa huo mwaka 1997, kiliua sehemu kubwa sana ya mbwa wake, na kichaa kikabaki. Kuna pia hasara isiyotajwa sana: mbwa aliyeuma mtu akifungiwa na kuangaliwa kwa siku 10 akiwa hai na mzima, daktari anajua kwamba hakuwa na virusi mateni alipouma, na akiuawa kwa risasi ya kichwa hata ubongo unaohitajika maabara unaharibika.

Upinzani dhidi ya uuaji huo umekuwa wa namna nyingi. Mjini Bombay mwaka 1832 Waparsi, ambao dini yao humheshimu mbwa, waliwashambulia askari waliokuwa wakilipwa kwa kila mbwa waliyemuua na ambao, kwa tamaa ya malipo, waliwafuata hata mbwa wa majumbani. Huko Afrika ya Kusini Magharibi mwaka 1922 kodi ya mbwa ilikuwa miongoni mwa sababu za uasi wa Wabondelswarts, waliowategemea mbwa hao kwa uwindaji, nao wakapigwa mabomu kutoka angani. Kyela haina kumbukumbu ya mambo makubwa hivyo. Njia iliyo karibu zaidi na mtu wa huko ni kumficha mbwa au kumpeleka kwa jamaa, na kwa kuwa Wanyakyusa na Wangonde wa Karonga ni ndugu waliotenganishwa na mto Songwe, jamaa huyo anaweza kuwa katika nchi nyingine. Mwenye mbwa anamwokoa mnyama wake; virusi, kama vimo, navyo vinavushwa mpaka bila karatasi.

Nchini Tanzania, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 imewapa madaktari wa mifugo mamlaka ya kuzuia na kuangamiza ugonjwa, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imetambua kwamba mnyama hapaswi kuteswa bila sababu, lakini swali la ni mbwa yupi anayezurura bado liko pale pale. Huko Iringa, mkoa usio mbali na Mbeya ambamo Kyela imo, utafiti wa mwaka 2012 uliona kwamba karibu mbwa wote wa mjini walikuwa na wenyewe, hata walioonekana barabarani peke yao. Ng'ambo ya mpaka, jiji la Blantyre lilianza mwaka 2015 kuchanja makumi ya maelfu ya mbwa kwa kuwaita wenyewe wawalete vituoni na kuwafuata waliobaki nyumba kwa nyumba. Kampeni za aina hiyo zinapofika vijijini Tanzania, mara nyingi watoto ndio huja na mbwa wamewafunga kamba ya katani au kitambaa, na afisa mifugo huandika jina la mwenye nyumba kwenye kadi ya chanjo kabla ya kuchoma sindano.