Mae Jemison
Mae Carol Jemison (amezaliwa Decatur, Alabama, 17 Oktoba 1956) ni daktari na mwanaanga wa zamani wa Marekani, mwanamke wa kwanza mweusi kufika anga za juu. Alikulia Chicago, akasomea uhandisi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Stanford na udaktari katika Chuo Kikuu cha Cornell, kisha akawa daktari wa Peace Corps, shirika la kujitolea la Marekani, nchini Sierra Leone na Liberia. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilimchagua kuwa mwanaanga mwaka 1987. Septemba 1992 aliruka na chombo cha anga Endeavour kwa takriban siku nane. Humo alichunguza kichefuchefu kinachowasumbua wanaanga, akarutubisha mayai ya chura, nayo yakaanguliwa kuwa viluwiluwi hukohuko. Aliacha NASA mwaka 1993, akaonekana katika tamthilia ya Star Trek. Anazungumza pia Kiswahili.