Kuchora Mahusiano: Kutoka Hudson hadi Ndola na Twitter

Uchoraji wa mahusiano ya watu, ambao leo hutumiwa kuonyesha nani anamfuata nani katika mitandao ya intaneti, ulianza kabla ya kompyuta kuwapo, na mojawapo ya machimbuko yake ni shule ya marekebisho ya wasichana katika mji wa Hudson, jimbo la New York, nchini Marekani. Mwaka 1932 wasichana 14 walitoroka shuleni hapo katika muda wa majuma mawili, na daktari wa magonjwa ya akili Jacob Moreno, akisaidiana na Helen Jennings, aliitafuta sababu katika mahusiano yao badala ya tabia ya kila mmoja. Wasichana waliulizwa wangependa kuishi na nani, kisha kila mmoja akachorwa kama duara na kila chaguo kama mstari, na mchoro huo ukaitwa sosiogramu. Aliyeelekewa na mistari mingi aliitwa nyota. La msingi zaidi, mstari ulikuwa na mwelekeo, kwa kuwa mtu aweza kumchagua asiyemchagua, na huo ndio uhusiano wa mfuasi na anayefuatwa katika Twitter (ambayo sasa huitwa X), iliyoanzishwa mwaka 2006.

Mwaka 1953 mtakwimu Leo Katz alipendekeza kwamba kuchaguliwa na mtu ambaye naye huchaguliwa na wengi kuhesabiwe kwa uzito mkubwa zaidi, wazo linalofanana na lile ambalo waanzilishi wa Google walilitumia mwaka 1998 kuzipanga kurasa za intaneti.

Mchango wenye kina zaidi, ambao hautajwi inavyostahili, ulitoka Afrika. Katika miji ya Ukanda wa Shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, wahamiaji wa makabila mengi waliishi pamoja kwa namna ambayo ukoo na uchifu pekee havikuweza kuieleza, na kwa hiyo wanaanthropolojia wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, miongoni mwao Clyde Mitchell na A. L. Epstein, walianza kufuatilia mahusiano ya mtu mmoja mmoja. Mjini Ndola, Epstein alifuatilia njia za umbea na kutofautisha watu wa karibu, ambao wenyewe kwa wenyewe hujuana na kuonana mara kwa mara, na wale wa mbali, ambao kila mmoja humjua mhusika bila kujuana wao. Alionyesha kwamba kanuni za mwenendo hujengwa katika duara la karibu la wenye hadhi, kisha hupenya hadi kwa wengine. Uchambuzi huo, basi, waelekeza kuutazama ushawishi katika maneno yanayosafiri, wala si katika wingi wa marafiki pekee, nao ulichapishwa katika kitabu alichokihariri Mitchell mwaka 1969.

Tofauti hiyo ilidhihirika tena mwaka 2010, pale Meeyoung Cha na wenzake walipochunguza takriban watumiaji milioni 54 wa Twitter na kukuta kwamba wenye wafuasi wengi si lazima wawe ndio ambao ujumbe wao husambazwa upya au majina yao hutajwa zaidi. Usambazaji ulitegemea thamani ya yaliyoandikwa, kutajwa kulitegemea umaarufu wa jina, na watumiaji wa kawaida walijipatia ushawishi kwa kushikilia mada moja kwa bidii.