Keja Ndogo, Doo Ndogo: Vile Utachagua TV Mpya Mombasa Bila Kupigwa

Cheki, AFCON ya 2027 inachezwa hapa Kenya, Uganda na Tanzania, na wewe bado unalipa kibanda cha mpira kila wikendi ndio uone skrini kupitia kichwa cha msee mrefu. Umeweka thao kadhaa kando. Uko Kibarani kwa single karibu na barabara ya malori, ama uko Old Town ghorofa ya pili, ngazi nyembamba mpaka godoro huingizwa likiwa limekunjwa. Unavuka Makupa, unashuka Mwembe Tayari, unatembea hadi Digo Road. Kila duka lina TV ukutani inaonyesha samaki wa rangi rangi wakiogelea. Zote zinakaa fiti. Hiyo video ya samaki imetengenezwa hivyo makusudi, hata skrini mbovu inaionyesha vizuri.

Soma hii kabla hujatoa hata soo moja.

Pima chumba kwanza

Inchi za TV zinapimwa kona kwa kona, sio upana. 32 ni kama sentimita 81, 43 ni 109, 55 ni 140. Beba ile futi ya fundi wa nguo uende nayo dukani, hakuna mtu atakucheka, na akicheka mwache. Pima sehemu inayowaka peke yake, sio fremu. Kuna TV zinaitwa 43 kwa mdomo wa muuzaji lakini futi inasema kitu kingine.

Saa hii cheki umbali. Zidisha hiyo kona kwa kona mara mbili, utapata mahali macho yako yatatulia. 32 inataka kama mita moja na nusu hivi. 43 inataka mita mbili na kidogo. 55 inataka karibu mita tatu. Single ya futi kumi kwa kumi ni mita tatu ukuta hadi ukuta, na hapo ndani kuna kitanda, jiko na mtungi wa maji. Kwa hiyo 55 kwa single ni kutafuta kuumwa na shingo. 43 inatosha kabisa, na 32 si aibu.

Upana nao usiusahau ju ya meza. 32 ina kama sentimita 72, 43 kama 96, 55 kama 122. Na kama uko Old Town, pima mlango na ile kona ya ngazi, ju boksi ni kubwa kushinda TV yenyewe na haifai kulazwa.

Maneno ya kwenye boksi

LED si teknolojia ya maajabu, ni skrini ya LCD yenye taa za LED nyuma. Hizo taa za nyuma ndizo hufa kwa TV za bei ya chini: sauti unaskia, picha giza. Fundi anaweza kuzibadilisha na uendelee na maisha. Lakini paneli ikipasuka, hapo umeisha, ju paneli peke yake inakaribia bei ya TV mpya. Na waranti haifuniki kupasuka.

HD ya kawaida ni pikseli 1366 kwa 768. Full HD ni 1920 kwa 1080. 4K ni 3840 kwa 2160. Kwa 32, HD ya kawaida utaishi nayo tu. Kwa 43, usikubali chini ya Full HD. Ukiambiwa “inasapoti 4K”, uliza skrini yenyewe ina pikseli ngapi. Kusapoti ni kumaanisha inaweza kupokea video ya 4K halafu inaipunguza ndio itoshe. Ni ka kumwaga ndoo ya maji kwa kikombe.

Halafu jiulize hiyo 4K utailisha na nini. Netflix wenyewe wanasema video ya kawaida inakula kama GB 1 kwa saa, HD inafika 3, 4K inafika 7. Kama intaneti yako ni hotspot ya simu na bando ya siku, 4K ni ya kuonyesha wageni logo. Doo ya 4K iweke kwa spika ama kwa TV guard, tutafika hapo.

Chaneli za bure ziko, usidanganywe

Kenya ilizima analogi mapema 2015, kabla ya ile siku ya mwisho ya dunia ya Juni 17, 2015. Wenye walikuwa wakubwa wanakumbuka vile Citizen, NTV na KTN zilipotea hewani karibu wiki tatu ju ya vita vya nani atasambaza signali. Tangu hapo matangazo ya antena yanakuja kwa mfumo wa DVB-T2.

Sasa hiyo herufi na namba ndio ya kutafuta kwa boksi: T2. TV ikiwa na T2 ndani, unachomeka antena ya kawaida, unaskani, unapata chaneli za bure za hapa Kenya bila dikoda na bila kulipa mtu kila mwezi. Ikiandikwa S2 pia, inaweza kushika dishi. Ikikosa T2, ongeza bei ya dikoda kwa hesabu yako, ju hiyo TV si ya bei rahisi tena. Antena elekeza mahali za majirani zimeelekea. Wao walishakufanyia utafiti.

Smati, lakini smati ya aina gani

Kuna TV zina Google TV ama Android TV yenye leseni ya Google. Kuna Tizen ya Samsung, webOS ya LG, VIDAA ya Hisense. Halafu kuna ile Android tupu, imewekwa na kiwanda bila leseni. Inawaka, ina YouTube, lakini Netflix inaweza kukataa ama ikupe picha ya ukungu, na ukitafuta Play Store unapata duka la apu usilolijua. Dukani fungua Netflix ukiwa hapo hapo na hotspot yako. Kitufe kwa rimoti pekee si ushahidi, rimoti ni plastiki.

Cheki pia RAM. GB 1 inabeba YouTube lakini ukifungua vitu viwili inaanza kukwama ka matatu ya Likoni saa kumi na moja jioni. GB 1.5 ama 2 utasikia tofauti. Na ka hiyo bei inakushinda, chukua TV isiyo smati yenye HDMI mbili, halafu siku moja utachomeka kijiti cha kustrimi. Hiyo njia naipenda kushinda smati mbovu, ju programu huzeeka haraka kuliko skrini.

Mdogo mdogo, na hapa keti chini

Hii ndio sehemu wasee wa mtaa wanachomeka zaidi. Msee wa mjengo ama wa tuktuk hapati thao 24 kwa mkupuo, so ofa ya kulipa kila siku inaonekana imeandikwa ju yake. Hebu tuichore kwa namba za mfano.

TV ni 24,000 ukilipa cash. Kwa ofa unaweka 5,000, halafu 95 kila siku kwa mwaka mmoja. Shilingi 95 ni ka chapo na maharagwe, nani ataskia? Lakini 95 mara 365 ni 34,675. Ongeza ile 5,000, umelipa 39,675. Umetoa 15,675 juu ya bei, doo ya kukaribia TV nyingine ya 32.

Geuza sasa. Una hiyo 5,000 tayari. Hiyo 95 weka mahali huigusi kila siku. 19,000 iliyobaki gawa kwa 95, ni siku 200. Chini ya miezi saba umenunua cash, na zile siku 165 zingine hudaiwi na mtu.

Ama chama. Wasee kumi wenye mnaaminiana, kila mmoja 80 kwa siku, kwa mwezi wa siku 30 ni 2,400. Kumi mara 2,400 ni 24,000. Kila mwezi mmoja wenu anabeba TV nyumbani, mnapigia kura nani wa kwanza. Riba ni sufuri. Hatari ni yule msee atabeba mwezi wa kwanza halafu ahame, so wa kwanza awe mwenye mathe yake mnamjua.

Kama lazima uchukue ofa, uliza maswali matatu na uandikiwe majibu: bei ya cash ni ngapi, jumla nitalipa ngapi, na nikikosa siku tatu mnafanya nini. Zingine zinafunga TV kwa mbali. Pia jua hii: chini ya sheria ya Kenya ya kununua kwa awamu, Sura 507, ukishalipa thuluthi mbili ya bei yote, muuzaji hawezi kuja kubeba kitu kwako bila kwenda korti. Lakini ofa zingine zimeandikwa ka mkopo, sio ka ununuzi wa awamu, na hapo hiyo kinga inaweza isikushike. Soma kichwa cha mkataba.

Ex-UK

Bandari iko hapo Kilindini, so mitumba ya TV hatuwezi kosa. Ex-UK ina faida: plagi ni ile ile ya meno matatu na stima yao inalingana na yetu ya 240. Geuza TV usome kibandiko. Kikiandikwa Freeview HD ama Freeview Play, T2 iko ndani. Kikiandikwa Freeview tupu, hiyo ni mfumo wa zamani, utahitaji dikoda. Kikiandikwa volti 120 peke yake, imetoka Marekani, wacha. Ukisoma 100-240, hakuna noma.

Plasma kubwa ya bei ya kutupa ikatae. Nyingi zinapita wati 200. LED ya 43 iko kama wati 80: masaa sita kwa siku, siku thelathini, ni uniti 14.4. Zidisha na bei ya uniti ya token yako ya mwisho uone.

Ukiwa dukani

Usilipie boksi ambalo halijafunguliwa, hata ka muuzaji anakuita bosi mara kumi. Wauzaji wa barabarani wenye TV “imetoka kontena” wapite tu na boksi lao. Washa TV. Weka video ya rangi moja moja: nyeupe, nyekundu, kijani, buluu, nyeusi. Kwa nyeupe utaona doa na kona zenye giza, kwa nyeusi utaona taa inavuja. Chomeka flash kwa kila USB, jaribu kila HDMI. Linganisha namba ya siri ya nyuma ya TV, ya boksi na ya risiti. Angalia kibandiko cha KEBS.

Bei ongea kwa adabu. “Ami, ukinitoa hapo na braketi, nitalipa sasa hivi” inafanya kazi kushinda kelele. Akikataa kupunguza, mwombe braketi ama waya wa HDMI.

Waranti iwe kwa karatasi yenye muhuri, jina la duka na tarehe. Ikikufa ndani ya muda na duka likianza kukuzungusha, hiyo karatasi ndio itakusaidia. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na kuna Mahakama ya Madai Madogo, inasikiza madai yasiyozidi milioni moja na huhitaji wakili.

Kubeba: isimame wima, isilazwe. Kwa tuktuk keti nayo nyuma uishike. Boda na TV ya 43 na upepo wa Makupa ni mchezo wa wenye pesa.

Chumvi, stima na ukuta wa matumbawe

Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na hivyo viwili hula saketi. Usiibane TV kwa ukuta unaotoa jasho wakati wa masika, acha nafasi ya kiganja. Iwashe mara kwa mara, joto lake linakausha ndani. Ka uko karibu na barabara ya malori Kibarani, vumbi litaziba matundu ya nyuma, pangusa na brashi kavu TV ikiwa imezimwa.

Stima ikipotea, chomoa. Inaporudi ndio huja na nguvu ya kuua. TV guard inasubiri stima itulie kabla ya kuipitisha, na bei yake haikaribii bei ya bodi mpya. Mvua ya radi ikianza, chomoa na antena.

Kuta za zamani za Old Town ni mawe ya matumbawe na chokaa. Msumari wa kawaida na ile plastiki yake vinatoka na unga. Tafuta fundi anayezijua hizo nyumba atumie bolti ndefu, ama weka TV mezani uachane na braketi. Dishi ukutani nje usitoboe kabla ya kuongea na mwenye nyumba na ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale, mtaa huo una sheria zake.

Ile ya kisogo

Ka bado unayo ile TV nzito ya zamani, usiitupe na taka. Kioo chake kina risasi, yale madini. Dampo la Kibarani lilifungwa pakageuzwa bustani, taka zikahamishiwa Mwakirunge, na sumu ikienda huko inamfikia mwanangu mwingine. Mpe fundi wa mtaa, atatoa spika, koili na shaba, na kioo mwambie akipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Usimruhusu avunje hapo mlangoni kwako, watoto hucheza peku.